Nilikatwa mshahara, deni la HELB halikupungua: je, nisubiri mifumo iunganishwe?

Swali: "Assalaam aleikum, kaka. Nilisoma chuo kikuu kwa mkopo wa HELB, bodi ya serikali inayokopesha wanafunzi. Nilipomaliza nilifanya kazi ya mapokezi katika hoteli moja ya Malindi, na tangu mwaka juzi nimerudi nyumbani Lamu, ni karani katika shule ya binafsi. Kote nimekatwa mkopo, Sh4,200 kila mwezi, na hati zangu za mshahara zinaonyesha hivyo. Mwezi uliopita niliomba mkopo katika Sacco ili nimalizie nyumba ya mama, nikanyimwa kwa kuwa nimeorodheshwa CRB, zile ofisi za rekodi za mikopo, kama mtu asiyelipa. Nilipotazama taarifa yangu ya mkopo nikakuta miezi 14 mfululizo, nikiwa bado hotelini, imeandikwa kwamba sikulipa, na faini imepanda juu yake. Nasikia mifumo ya HELB, KRA (mamlaka ya kodi), waajiri na CRB itaunganishwa iwe mtandao mmoja. Je, nisubiri mtandao huo uondoe kosa hili? Na je, si hatari kila mtu kuyaona mambo yangu? Kuna kijana pale Mkunguni ameniambia kwa Sh3,000 atanisafishia jina, nikimpa kitambulisho na nywila yangu. Mama ndiye mdhamini wangu na hajui lolote."

Jibu: Waaleikum salaam, dada yangu. Nimeisoma barua yako mara mbili, na kinachokuumiza nakiona. Umelipa kwa jasho lako, tena bila kuruka mwezi, kisha ukaambiwa mbele ya watu kwamba wewe ni mtu asiyelipa. Kabla ya yote, zitafute zile hati 14 za mshahara, uzipange kwa miezi na uziweke mahali pakavu. Usiandikie mate na wino upo, na wewe wino unao.

Habari ya kijana wa Mkunguni haihitaji maneno mengi: usimpe chochote. Hakuna mtu wa nje anayeweza kufuta rekodi ya CRB, kwa sababu rekodi hiyo hubadilika pale tu aliyeileta, ambaye kwako ni HELB, anapopeleka marekebisho, au pale CRB yenyewe inapochunguza pingamizi lako na kukubali kwamba lina msingi. Atakachofanya kijana huyo kwa kitambulisho na nywila yako ni kuingia kwenye akaunti zako, na akishaingia, kuomba mkopo wa simu kwa jina lako ni kazi ya dakika tano. Pingamizi kwa CRB unaweza kulipeleka mwenyewe, bila dalali.

Sasa tuitazame hiyo CRB, kwa maana wengi huichukulia kama orodha ya watu wabaya. Ofisi hizi, kama vile TransUnion, Metropol na Creditinfo, ambazo hapa Kenya hupewa leseni na Benki Kuu, huweka rekodi ya mikopo ya kila mtu, anayelipa na asiyelipa. Hazimnyimi mtu mkopo. Mwenye kutoa mkopo husoma ripoti na kuamua mwenyewe, na ndiyo sababu Sacco moja inaweza kukukatalia leo na nyingine ikakusikiliza kesho, hasa ukiipelekea barua inayoonyesha kwamba deni hilo unalipinga na uchunguzi unaendelea. Kanuni zinamtaka pia mkopeshaji akuarifu siku 30 kabla ya kukuorodhesha. Utaniambia hukuarifiwa, nami nitakuuliza: ulipojaza fomu ya mkopo ukiwa mwanafunzi, uliandika anwani gani? Vijana wengi wa visiwani huandika sanduku la posta la shule yao ya sekondari na namba ya simu ya mjomba. Huenda arifa yako imelala miaka yote katika sanduku ambalo hujalifungua tangu ulipofanya mtihani wa kidato cha nne.

Kiini cha tatizo lako kipo katika safari ambayo zile Sh4,200 hufunga kila mwezi. Wengi hudhani makato yakishaandikwa kwenye hati ya mshahara, deni limepungua. Hati ya mshahara inathibitisha jambo moja tu, kwamba pesa zimetoka kwako. Baada ya hapo mwajiri anatakiwa kufanya mambo mawili yaliyo mbalimbali: kupeleka fedha za wafanyakazi wote kwa pamoja, na kupeleka orodha inayosema fedha hizo ni za nani, kila mmoja kwa namba ya kitambulisho, jina na kiasi. Fedha bila orodha ni kama jahazi lililofika bandarini bila hati ya mizigo. Mzigo upo na watu wanauona, lakini hakuna anayejua apewe nani. Katika mifumo ya namna hii, fedha kama hizo huwekwa kando katika hesabu ya malipo yasiyotambuliwa, na zikiwa huko hazipunguzi deni la mtu yeyote. Wakati huohuo akaunti yako inaonekana haikulipwa, na kompyuta, ambayo haijui kuuliza, inaandika faini.

Nimewahi kuketi Malindi na kijana mmoja mwenye shida kama yako. Mwajiri wake, ambaye sitamtaja, alikubali kutuchapishia orodha za mwaka mzima. Tukaziweka mezani, na kijana akatoa kitambulisho chake akakilaza kando ya jina lake, kisha akawa anasoma namba kwa sauti tarakimu moja baada ya nyingine, akifuatisha kwa kidole. Kwenye kitambulisho ilikuwa 73, na kwenye orodha ilikuwa 37. Tarakimu mbili zilikuwa zimepishana. Karani aliyeziandika alikosea mwezi wa kwanza, na kila mwezi uliofuata akawa ananakili orodha ya mwezi uliopita, kwa hiyo kosa la sekunde moja likawa kosa la mwaka. Fedha zilikuwa zimefika zote, hakuna aliyeiba senti, na kijana alikuwa ameorodheshwa.

Kwetu pwani tuna tatizo la ziada, nalo ni majina. Mwanakhamisi huandikwa Mwanahamisi, Athman akawa Athumani, na Bakari wa kitambulisho akawa Abubakar wa cheti cha shule. Binti akiolewa naye pengine huongeza jina la mumewe kazini ilhali chuoni alijulikana kwa la babake. Kwa binadamu wa Langoni au Shela hayo yote ni jina moja, lakini mfumo unaolinganisha herufi kwa herufi unaona watu wawili. Ndiyo maana namba ya kitambulisho ina uzito kuliko jina, na ndiyo maana ikikosewa hakuna jina la kuiokoa. Chukua hati zako za hotelini, linganisha jina na namba iliyomo na vile vilivyo katika akaunti yako ya HELB, leo kabla hujalala.

Katika kisa chako naona njia tatu zinazoweza kuwa ndizo zilizopoteza ile miezi 14. Hoteli ilikata na haikupeleka, au ilipeleka bila orodha sahihi na fedha zikabaki hazina mwenyewe, au ziliingia katika akaunti ya mtu mwingine kwa sababu namba yenye kosa ilikuwa ni ya mtu wa kweli. Mwanzo wa tatizo kuwa katikati ya ajira, na malipo yako ya sasa kutoka shuleni kufika vizuri, kunanionyesha kwamba akaunti yenyewe haina kasoro na kwamba kitu kilibadilika pale hotelini. Pengine karani mpya aliingia, pengine msimu wa wageni ulikuwa mbaya na makato yakatumiwa kwingine. Sikusukumi umshuku mtu. Nakueleza ili ujue cha kuuliza.

Tazama pia hesabu. Sh4,200 kwa miezi 14 ni Sh58,800. HELB hutoza faini ya Sh5,000 kwa kila mwezi ambao akaunti haikulipwa, na hiyo ni Sh70,000, mbali na riba ya asilimia 4 kwa mwaka ambayo mkopo wa shahada ya kwanza hubeba. Faini imekuwa kubwa kuliko malipo yaliyokosekana. Hili linanisikitisha kila ninapolikuta, kwa maana faini iliyowekwa kumwamsha mtu aliyeacha kulipa humwangukia mtu aliyelipa ambaye malipo yake yalipotea njiani.

Je, mtandao mmoja utaondoa kosa hili? Jibu langu ni kwamba mtandao hausahihishi rekodi, mtandao huisafirisha. Rekodi sahihi huifikisha haraka, na rekodi mbovu huifikisha kwa haraka ileile. Leo kosa lako linaonekana HELB na CRB. Mifumo ikiunganishwa huku kosa halijatatuliwa penye chanzo, litaonekana na mwajiri mpya, benki na idara nyingine, na kila mmoja ataliamini zaidi kwa kuwa limetoka "kwenye mfumo". Kwa hiyo usisubiri. Anayesubiri kuunganishwa kwa mifumo ndipo atengeneze rekodi yake ni kama anayengoja bomba lifike mtaani ndipo asafishe kisima kilichochafuka.

Hata hivyo sitaki udhani naipinga fikra hiyo, kwa sababu mtandao uliojengwa vizuri ungalizuia sehemu kubwa ya mateso yako. Chukua mfano wa Uingereza, ambako mkopo wa mwanafunzi hukatwa pamoja na kodi. Hadi Aprili 2019 idara ya kodi ilikuwa ikiipelekea kampuni ya mikopo taarifa za makato mara moja tu, baada ya mwaka wa kodi kwisha. Watu waliokuwa wamemaliza deni waliendelea kukatwa kwa miezi, ilhali kila ofisi ilikuwa imetimiza wajibu wake. Habari ndiyo iliyochelewa. Tangu mwezi huo taarifa hupelekwa kila wiki. Sasa fikiria kama hoteli yako ingekuwa katika utaratibu wa namna hiyo: mwezi wa kwanza Sh4,200 zisipoonekana, ungepata ujumbe kwenye simu, ungekwenda kwa mhasibu ukiwa bado mfanyakazi wake, na jambo lingekwisha kwa kahawa moja. Kosa la mwezi mmoja hutibika kirahisi, lakini la miezi 14, nawe umeshaondoka, limekuwa kesi.

Kuna namna mbili za kuujenga mtandao kama huo, na tofauti yake inahusu moja kwa moja hofu yako ya faragha. Namna ya kwanza ni ghala kuu, ambapo kila mwenye taarifa hupeleka nakala mahali pamoja. Marekani ina ghala la aina hiyo la serikali kuu, NSLDS, la taarifa za mikopo ya wanafunzi, ambalo msingi wake wa kisheria uliwekwa mwaka 1986, na vyuo, wakopeshaji na wadhamini wamekuwa wakililisha. Faida yake ni kwamba picha nzima ya mkopaji ipo pahali pamoja. Hasara yake ni kwamba nakala huchakaa ikiwa aliyeileta hakuleta mpya, na kwamba mlango mmoja ukiachwa wazi, kila kitu ki wazi. Aprili 2007 serikali ya huko ililazimika kusimamisha kwa muda ruhusa ya wakopeshaji kuingia katika ghala hilo, kwa shaka kwamba baadhi yao walikuwa wakichungulia taarifa za wanafunzi kwa ajili ya kutafuta wateja.

Namna ya pili ni mtandao usiohifadhi kitu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mashirika ya mikopo ya huko Marekani yalijenga mmoja ulioitwa Meteor. Mwanafunzi alipotaka kuona madeni yake, mtandao uliwauliza wenye taarifa palepale, ukakusanya majibu, ukamwonyesha, bila kujiwekea nakala yake. Kila mkopeshaji alibaki na kumbukumbu zake, na akizisahihisha, anayefuata kuuliza anapata zilizosahihishwa. Mimi binafsi naupendelea utaratibu huu wa pili, kwa sababu ndani yake rekodi ina mwenye kuiwajibikia. Katika ghala kuu nimeona mara nyingi mtu akizungushwa: ghala linamwambia aende kwa aliyeleta taarifa, na aliyeleta anamwambia tumeshasahihisha, nenda kwenye ghala. Lakini utaratibu wa kuuliza nao una udhaifu wake, kwa maana mmoja wa wenye taarifa akizima mitambo, picha yako ina pengo.

Kuhusu kuonwa na kila mtu, hofu yako ina msingi, na sheria imeizingatia. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakupa haki ya kuambiwa taarifa zako zinatumika kwa lipi, kuziona, na kutaka zilizo na kosa zisahihishwe. Oktoba 2021 Mahakama Kuu iliamua kwamba serikali ilikosea kuanza kutoa kadi za Huduma Namba, yaani za utambulisho wa kidijitali, kabla ya kufanya tathmini ya athari kwa data za watu. Anayetaka kuunganisha taarifa za mikopo na za mishahara hawezi kujifanya hakuiona hukumu hiyo. Benki Kuu nayo, Aprili 2020, iliwaondolea wakopeshaji wa simu wasiosimamiwa ruhusa ya kupeleka taarifa CRB, baada ya malalamiko mengi ya wananchi. Katika mtandao wowote mpya ningetaka Sacco ione jibu la swali lililoulizwa tu, yaani deni lipo au halipo na linalipwa au halilipwi, isione mshahara wako wala wadhamini wako. Ningetaka pia kila anayechungulia aache nyayo ambazo wewe mwenyewe unaweza kuzisoma.

Turudi kwenye hatua zako. Anza na ripoti ya CRB, ambayo unayo haki ya kuipata bure mara moja kwa mwaka, ujue hasa kilichoandikwa. Kisha iandikie HELB barua ukiambatisha hati zote 14 na nakala ya kitambulisho, na uombe mambo mawili kwa maneno ya wazi: orodha za malipo zilizopokelewa kutoka kwa mwajiri huyo kwa miezi hiyo zikaguliwe, na fedha zisizotambuliwa zitafutwe kwa jina na kiasi, si kwa namba peke yake. Siku hiyohiyo peleka pingamizi CRB, kwa maana wakati linachunguzwa ripoti yako hutakiwa kuonyesha kwamba deni linapingwa, na hilo Sacco italiona. Kwa hoteli, omba kwa adabu uthibitisho wa malipo ya miezi hiyo pamoja na orodha zake. Wahasibu wengi huitikia vizuri wakiombwa karatasi kuliko wakishutumiwa.

Najua wazo la kulipa Sh58,800 mara ya pili ili yaishe limekupitia. Silidharau, kwa kuwa nyumba ya mama haingoji na mvua haisubiri mtu. Lakini zipime njia hizi vizuri. Ukilipa, deni litafungwa kama deni lililocheleweshwa kisha likalipwa, na historia hiyo mbaya hubaki katika rekodi ya CRB kwa miaka 5 baada ya kumalizwa. Ukithibitisha kwamba lilikuwa kosa, rekodi yenyewe inapaswa kuondolewa. Kwa ushahidi ulio nao, ningepigania marekebisho kwanza. Ikidhihirika kwamba hoteli haikupeleka kitu, basi hesabu inabadilika: mwajiri ndiye aliyevunja sheria, lakini kumfuatilia kunaweza kuchukua muda mrefu, na huenda ikakufaa kuafikiana na HELB juu ya malipo ya kidogo kidogo huku ukiomba faini iondolewe. Bodi hiyo imewahi kutoa misamaha ya faini kwa vipindi maalumu, kwa hiyo ombi la namna hiyo si geni kwao.

Hapo ndipo barua zinapofikia kikomo na inakupasa uonane na watu ana kwa ana. Wiki chache zikipita bila jibu la maana, peleka karatasi zako kwenye meza ya HELB katika kituo cha Huduma, pale penye huduma za serikali, kwa sababu kosa la namba huonekana haraka watu wawili wakiitazama karatasi moja. Hoteli ikikataa kutoa uthibitisho, nenda ofisi ya kazi, na umwone wakili mapema, kwani madai ya ajira yana kikomo cha miaka 3 na saa yako imeshaanza kukimbia. Kama taarifa zako zimesambazwa au zimekataliwa kusahihishwa bila sababu, mlango ni Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data.

Na mama mwambie, dada yangu, tena kabla ya hayo mengine. Mdhamini anaweza kutafutwa wakati wowote, na ni afadhali aisikie habari hii kutoka kwako ukiwa umeketi naye barazani, hati zako mkononi, kuliko kuisikia kwa sauti ya mgeni kwenye simu. Utakapokwenda kituo cha Huduma chukua nakala mbili za kila barua, yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, na kabla hujatoka mezani hakikisha wamebadilisha ile anwani ya zamani na namba ya simu ya mjomba, ili arifa inayofuata ikufikie wewe.